Kitambaa Kilichotangulia Redio

Nyumbani kwetu bomba la kupulizia kahawa dawa liliitwa bomu. Sijui nani alianza. Mama alikuwa mchuma kahawa kwenye shamba moja kubwa upande wa Ruiru, na jioni akirudi alitueleza mambo ya siku: leo bomu ya fulani ilivuja ikamchoma mgongo, leo nyapara alificha bomu mbili ili awape watu wake. Mimi nikakua nikijua bomu ni lile tangi la shaba linalovaliwa mgongoni kwa mikanda miwili, lenye mpini wa kupiga na mrija wa kutoa dawa ya bluu. Redio ikisema nchi fulani ya mbali imerushiwa mabomu, niliwaona kabisa watu wa huko wamelowa bluu kuanzia nywele mpaka viatu, na nikawahurumia, maana dawa ile huwasha macho siku nzima. Nilikuwa darasa la sita mwalimu aliponieleza. Kichwa kilielewa. Mkono haukuelewa, na huo mkono ndio ulioniingiza katika mambo ninayoyaandika hapa.

Kazi yangu ni kuandika vibao, kuta na vitambaa. Niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao mama aliumwa kifua, lakini nilikuwa nimeshazipenda herufi. Kila moja niliiona na tabia yake: G ni mtu aliyeshiba, K anapiga teke, S hataki kukaa wima. Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kuandika kwenye tumbo la ndege, herufi ndefu kuliko mtu, ili watu walio chini shambani wainue vichwa wasome. Nilipomweleza mama, aliniuliza kama nitapewa ngazi.

Nikiwa na miaka ishirini na mmoja nilikuwa nafanyia kazi Majengo, Thika, kwenye baraza ya karakana ya mzee mmoja aliyetengeneza mabomba. Alikuwa Mwislamu. Babu yake aliletwa na jeshi la mkoloni kutoka kaskazini, na hata baada ya vizazi viwili vya kuzaliwa Thika watu walimwita Mnubi tu. Mashamba ya kahawa na wenye ng'ombe walimletea mabomba yaliyovuja, naye akayalehemu, akakata washa, vile viduara vya kuziba maungio, kutoka ngozi ya viatu vikuukuu, akayajaza maji na kuyapiga mpaka aridhike. Baraza alinipa bure. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita binti yangu, na mke wake, ambaye wote tulimwita Mama, alinikumbusha kula nilipozama katika herufi.

Kwa kumshukuru nikamwandikia kibao. Bati jeupe, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Niliandika FUNDI WA MABOMU, na chini yake, kwa herufi ndogo, YA KAHAWA NA NG'OMBE. Nilikitazama nikaona ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Mzee alikuwa amesoma herufi za Kiarabu tu, katika chuo cha Kurani. Hizi zetu alizijua kama mtu anavyojua majirani wa mbali, kwa sura bila majina. Akakisifu, akakipigilia misumari juu ya mlango. Wateja walijua walichokuja kutafuta, wachache wakacheka. Mwenye shamba mmoja alimwuliza Mzee vita vinaanza lini, Mzee akadhani anauliza mvua, akamjibu mwezi ujao. Mimi nikaambiwa kosa langu nikacheka pia, nikasema nitalirekebisha nikibakiwa na rangi nyekundu. Huo ulikuwa mwezi wa pili. Mpaka mwezi wa kumi kibao kilikuwa bado pale.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na sijawahi kupata kazi kama mwaka ule. Vitambaa vya rangi zote vilianikwa kwenye baraza ya Mzee kama nguo za familia kubwa inayogombana. Asubuhi niliandika kwamba chama hiki ndicho mkombozi, alasiri nikaandika kwamba hicho hicho ndicho mwizi, na wote niliwatakia mema. Ila tahajia ndiyo ilikuwa shida. L na R kwangu hazijawahi kutengana. Mapema katika kampeni niliandika MAENDEREO kwenye kitambaa cha mita sita, kikaning'inia juu ya barabara kuu wiki nzima, na mteja akarudi akiwa amekasirika sana.

Baada ya hapo nikaweka sheria. Kila mteja aliandika maneno yake mwenyewe ndani ya daftari langu, kwa mkono wake, akatia tarehe na sahihi. Mimi nilinakili tu. Kosa likitokea tunafungua daftari tunaona ni la nani. Wateja waliipenda sheria hiyo, wengine wakawa wanaandika kwa madaha, wakikunja ulimi pembeni mwa mdomo.

Katika wateja hao alikuwepo mtu mmoja mnene wa chama tawala, mwenye leso nyeupe ya kujipangusa shingo. Alikuwa katibu wa tawi tu, lakini mimi nilimwita Mheshimiwa, naye akafurahi akaniita Msanii. Nilimpenda, siwezi kusema uongo. Ndiye mtu pekee wa siasa aliyeuliza mama anaendeleaje.

Jumanne moja alikuja na haraka, akaandika kwenye daftari: WANANCHI WA THIKA TUNAKATAA MAGAIDI NA WANAOWAFICHA. Neno hilo sikuwa nimewahi kuliandika. Niliifurahia ile G katikati ya A mbili, kama mzee katikati ya wajukuu. Kwamba magaidi ni akina nani sikuuliza. Nilifikiri ni wa nchi za mbali, wale wa redioni. Alikuja kukichukua Alhamisi kikiwa kimekauka sawasawa.

Ijumaa, taarifa ya saa saba mchana, redio ya Mzee ilikuwa juu ya sanduku la washa. Msomaji akasema serikali imegundua kundi la magaidi wanaofunza vijana katika mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, kwamba wanatengeneza silaha, na kwamba wako wanasiasa wanaowaficha. Wananchi watoe habari. Mzee alikuwa na kipande cha ngozi mdomoni, akakitoa. Aliuliza kama wamesema shamba gani. Hawakusema. Alikuwa na wasiwasi kwamba vijana wa mashamba wakianza kuogopa hawatamletea mabomba kabla ya mvua.

Jumapili ilikuwa siku ya mkutano mkubwa wa upinzani uwanjani. Vitambaa vyake niliandika mimi pia. Jumamosi asubuhi leseni ya mkutano ikafutwa kwa sababu ya usalama. Nami Jumamosi hiyo nilichelewa, nilikuwa nimepitia sokoni kununua brashi, na nilipofika Majengo nikakuta watu wamesimama upande wa pili wa barabara, hawavuki. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Juu yake palikuwa na misumari miwili bila kibao.

Mama, mke wa Mzee, ndiye aliyenieleza, akiwa amekaa chini kati ya mabomba, leso imemwanguka begani. Polisi waliingia wanne. Walikuwa na kibao tayari mkononi. Walimwuliza Mzee kama yeye ndiye fundi wa mabomu. Akasema ndiye, miaka thelathini sasa, hata mashamba makubwa yanamjua. Wakaona kopo kwenye benchi wakamwuliza lina nini. Akasema risasi.

"Si ni risasi?" Mama akaniuliza. "Ile ya kulehemu. Angeiitaje?"

Ilikuwa risasi kweli, ya kuyeyusha, vipande vyeupe laini kama jibini. Hapakuwa na jina lingine. Wakambeba na kopo na kibao na mabomba matatu ya shamba la watu.

Nilienda stesheni alasiri hiyo hiyo, mikono ina rangi. Polisi wa kaunta alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, wa kutoka magharibi kwa jinsi alivyovuta maneno. Nikamwambia nimekuja kujisalimisha, kosa ni langu. Akatoa kibao chini ya kaunta, akakisimamisha.

"Soma hii, dada."

"Fundi wa mabomu."

"Kwa hivyo mimi ndiyo sijui kusoma?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari za mama, na za shamba, na za dawa ya bluu. Akaniuliza kitu cha kupulizia kahawa kwetu kinaitwaje. Nikasema bomu. Akamwita mwenzake aje asikie, nikasema tena bomu, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao, kwa sababu niliona tumeshamaliza, sasa watamfungulia Mzee twende nyumbani. Yule wa kaunta alipangusa macho. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mzima kuliko yeye.

"Dada, mimi nimekuelewa," akasema. "Lakini hii maneno imeshaandikwa kwa karatasi ingine, na hiyo karatasi haiko hapa. Imeenda juu. Jumatano huyu mzee anapelekwa Nairobi. Mimi nakuambia tu ujue."

Nairobi kila mtu alijua maana yake. Wako waliopelekwa Nairobi miaka ile wakarudi baada ya miezi hawataki kukaa chumba chenye taa. Mzee alikuwa na miaka sitini na kitu na sukari mwilini. Nilikuwa na siku nne.

Jumapili nilienda Ruiru kwa mama, maana sikujua pengine pa kwenda. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nilipomwambia magaidi wanafunzwa kwenye mashamba ya kahawa, aliweka ungo chini.

"Mashamba gani? Sisi tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, tunatoka kumi na moja jioni. Wanafunzwa saa ngapi, wakati wa chai?"

Akasema pale hata sungura akipita katikati ya mistari ya kahawa nyapara anamwuliza ni wa kikosi kipi. Hakuwa anafanya mzaha sana. Alikuwa amefanya kazi kwenye mistari ile miaka kumi na minane, na mtu akimwambia kuna jeshi ndani yake alijisikia kama ameambiwa kuna mtu chini ya kitanda chake. Nilimwuliza sasa kwa nini waseme hivyo. Akasema yeye ni mchuma kahawa, niwaulize wenye kusema. Lakini swali lilikuwa limeshanishika. Nilirudi Thika nalo kama mtu aliyekanyaga mwiba na hajauona.

Jumatatu asubuhi alikuja mwenye duka la kuku kuandikisha ukuta. Nikamfungulia daftari aandike maneno yake. Nikiwa natafuta ukurasa mweupe nikapita ule wa Mheshimiwa, nikaona MAGAIDI kwa mwandiko wake wa mviringo, na sahihi, na tarehe. Nikapita. Kisha nikarudi. Nikahesabu kwa vidole, mwenye kuku akiwa amesimama na kalamu. Aliandika Jumanne. Redio ilisema Ijumaa. Kitambaa kilikuwa kimeagizwa, kimeandikwa, kimekauka na kimechukuliwa kabla serikali haijagundua hao magaidi.

Siku nzima sikuweza kufanya kazi vizuri. Ningependa kusema nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba kwanza nilishangaa tu, kama mtoto aliyefungua saa akaona magurudumu. Niliyageuza maneno kila upande. Labda Mheshimiwa aliongea juu ya magaidi wengine. Lakini aliandika wananchi wa Thika. Labda polisi waligundua mapema wakaambia chama kwanza, na redio ikachelewa. Lakini kama silaha zinatengenezwa kweli karibu na watoto wa watu, nani anaagiza kitambaa kwanza halafu anasubiri rangi ikauke? Nikafungua kurasa za nyuma. Nikaona maneno ya kitambaa cha mkutano mwingine wa upinzani uliokuwa ufanyike mwezi wa nane, nikakumbuka kwamba wiki ile pia redio ilikuwa imetangaza watu wenye silaha, upande wa Murera, na mkutano ukafutwa, na hao watu wenye silaha hawakutajwa tena. Mara mbili si nyingi. Mara mbili inaweza kuwa bahati mbaya. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwuliza ambaye hataki kura.

Niliyekuwa naye ni kijana wa upinzani, mteja wangu wa vitambaa vya mkutano uliofutwa, aliyekuja jioni kuona kama tunaweza kubadilisha tarehe juu yake. Nikamwonyesha ukurasa. Alikaa chini. Akasema Msanii, hii ikitoka kwenye gazeti Kenya nzima itaisoma. Akasema wataupiga picha jinsi ulivyo, na mistari yake na alama ya kikombe changu cha chai. Nitakuwa mwongo nikisema moyo haukuruka. Daftari langu, gazetini, likisomwa Kisumu na Mombasa na watu ambao sitawaona. Nilimwuliza itachukua siku ngapi. Akahesabu: wakili, kisha mhariri, labda wiki, labda wiki mbili. Nikamwuliza na Mzee? Akasema gazeti likishatoka hata Mzee atakuwa salama zaidi. Labda alisema kweli. Lakini Jumatano ilikuwa keshokutwa.

Jumanne asubuhi nikamtuma mwenye kuku, ambaye alikuwa jirani yake, amwambie Mheshimiwa kitambaa chake kina kosa. Alikuja mbio, leso shingoni. Mama alikuwa ndani ya karakana, mlango umeegeshwa, akisikia kila kitu. Nikafungua daftari.

"Mheshimiwa, hii tarehe ni ya siku gani?"

"Ya siku nilikuja. Kwani kosa ni wapi?"

"Na redio ilisema siku gani?"

Alitazama ukurasa, halafu barabara, halafu ukurasa tena. Nilimwona akihesabu kwa vidole kama nilivyofanya mimi.

"Msanii," akasema polepole, "wewe kazi yako ni kuandika ama ni kusoma?"

Nikamwambia sitaki ugomvi, nataka tu kujua. Nilitaka kweli. Akasema watu wakubwa hujua mambo mapema, hata mvua inatangazwa kabla haijanyesha. Nikamwuliza kama Mzee naye walimjua mapema. Akajipangusa shingo, na nikaona kwamba alikuwa na aibu, aibu ya mtu mwema aliyekutwa mahali pabaya.

"Huyo hakuna mtu alikuwa anamjua," akasema. "Waliambiwa watafute. Wakatafuta. Wakaona kibao."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, hasa nikishika brashi. Magaidi walikuwa wameshatangazwa. Aliyekosekana alikuwa gaidi. Na mimi ndiye niliyempigilia mmoja juu ya mlango, kwa rangi nyekundu.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba yuko mtu anayeweza kuongea naye leo kabla ya saa sita. Lakini hawezi kwenda kuomba huku mwandiko wake uko kwenye daftari la mtu barabarani. Nimpe huo ukurasa, tu, si daftari lote. Hakupaza sauti wala hakunitisha. Ningependa angenitisha, ingekuwa rahisi kumchukia.

Nikaingia ndani kwa Mama. Sikumweleza habari ya gazeti ili kumshawishi upande wowote. Nilimweleza kwa sababu ilikuwa haki yake kujua. Nikasema tukimpa karatasi hii, hatutakuwa na kitu cha kuonyesha mtu yeyote, tutabaki na midomo tu. Alikuwa ameshika viatu vya Mzee, ambavyo polisi hawakumpa nafasi ya kuvaa.

"Mpe," akasema. "Mpe hata daftari zima. Mpe na baraza."

Nikauchana taratibu, nikifuata mshono, ili herufi zisichanike. Mheshimiwa aliukunja mara nne akautia mfuko wa shati. Aliniambia nimsalimie mama yangu.

Mzee alirudi siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri, peku, kwa miguu kutoka stesheni. Watu wa upande wa pili wa barabara walivuka kuja kumpa mkono, wengine ni wale wale wa Jumamosi. Hakuwa na alama ya kupigwa. Alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira juu ya mabomba matatu ya wenyewe yaliyobaki kule. Aliswali, akala, akaniita.

Nikamwomba msamaha wa bomu. Nilikuwa nimeupanga tangu Jumamosi, na nilipofika katikati nikalia, nikaacha. Alinisubiri. Kisha akasema kule ndani walimwuliza amefunza vijana wangapi, akasema wawili, na wote walikimbilia kazi ya kushona viatu kwa sababu mabomba hayana faida. Aliyekuwa anaandika aliinua kalamu, hakujua aandike nini. Mzee alicheka mwenyewe akisimulia, na Mama akamwambia anyamaze amalize chai.

Nikamweleza habari ya ukurasa, yote, na gazeti. Alisikiliza huku akikanda vidole vyake. Kisha akaniuliza jambo ambalo mimi, na udadisi wangu wote, sikuwa nimelifikiria.

"Mkutano wa Jumapili ulifanyika?"

"Haukufanyika, Mzee."

"Basi kazi ya maneno yale ilikuwa imeisha Jumapili. Leo ni Jumanne. Huenda wangeniachilia tu, wangenilisha kwa nini?"

Nikaona kwamba labda nimetoa ushuhuda pekee uliokuwepo nikanunua nao kitu kilichokuwa kinatolewa bure. Nikamkumbusha habari ya Nairobi na Jumatano. Akasema ndiyo, hata yeye aliambiwa Jumatano, lakini polisi husema mengi. Nilimwuliza yeye anaamini lipi. Akasema haamini lolote, anauliza tu, kama mimi.

Wiki zilizofuata nilisikiliza taarifa ya saa saba kila siku, brashi mkononi, nikingoja kusikia wale magaidi wa Ruiru waliishia wapi. Walikamatwa? Walihama? Hawakutajwa. Uchaguzi ukapita, kahawa ikachumwa, na redio ikarudi kwenye bei za mahindi. Mheshimiwa hakuwahi kuleta kazi nyingine. Tulipokutana sokoni alinisalimia kwa heshima na kuniuliza habari za mama, nami nikamjibu kwa heshima. Kijana wa upinzani alinikasirikia mwezi mzima. Akaniambia ningeweza kuonyesha nchi jinsi inavyodanganywa. Nikamwambia najua. Kama karatasi isingekuwa na maana, Mheshimiwa asingeihitaji. Na kama ilikuwa na maana, nimeitoa. Kwa vyovyote vile Mzee anaswali nyumbani kwake.

Jambo moja Mzee hakunieleza siku ile ya kwanza. Alinieleza karibu na Krismasi, tukiwa tunaanika vitambaa vya duka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbuka amesahau kuzima jiko. Kabla ya kumfungulia walimwekea karatasi mezani, imeandikwa pande zote mbili, wakamwambia atie kidole gumba. Akatia.

"Ilikuwa imesema nini?" nikamwuliza.

"Nitajuaje, binti yangu? Zilikuwa zile herufi zenu."

"Hawakukusomea?"

"Walisema ni ya kutoka."

Nikamwuliza kama aliona neno lolote analolikumbuka, hata sura yake tu. Alifikiri sana, akaokota kipande cha chaki changu, akachuchumaa, akachora sakafuni alichokiona mwanzoni mwa mstari wa juu: fimbo imesimama, na matumbo mawili upande wa kulia. Halafu duara. Halafu akasita, chaki hewani, akasema baada ya hapo kulikuwa na herufi nyingi na mkono wa yule askari ulikuwa umezifunika.

Tulizitazama zile mbili, B na O, muda mrefu. Nilitaja maneno yote niliyoyajua yanayoanza hivyo, mazuri kwanza.